Shahada Iliyofukizwa Saa Sita

Mara ya kwanza Nieves Patzi kufanya biashara na Casimira Limachi, alidhani amemshinda.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Januari, imebaki robo saa kufika saa sita mchana, na katika jiji zima la La Paz hakuna wakati ambao mnunuzi ana haraka kuliko huo. Watu walisukumana baina ya vibanda vya gulio la Alasita, kila mmoja akitafuta umbo dogo la jambo kubwa analolitaka: nyumba ya ukubwa wa kiberiti, lori la kukaa kiganjani, mifuko ya saruji isiyozidi kidole gumba, pasipoti, hati za viwanja, vyeti vya ndoa, na vya talaka kwa wale walionunua vya ndoa bila kufikiri. Kitu kinunuliwe na kufukizwa kengele za saa sita zikilia, ili Ekeko, yule mzee mfupi wa udongo mwenye masharubu na mizigo mgongoni, akione na akilete kikiwa kikubwa. Baada ya hapo gulio huendelea kwa wiki kadhaa, lakini kununua umechelewa ni kama kufika arusini sahani zikioshwa.

Nieves alikuwa muuza karatasi. Alianza akiwa na meza moja ya kuazima na muhuri aliouchonga mwenyewe kutoka kisigino cha kiatu. Sasa alikuwa na kibanda chenye bati, mihuri saba ya kununua, na kalamu ya wino yenye ncha nyembamba aliyoandikia majina ya watu kwenye shahada zisizozidi upana wa vidole viwili. Hakumrithi mtu wala hakuolewa na mali. Kila alichokuwa nacho alikipata kwa kumsubiri mwenzake ataje bei kwanza.

Alikuwa na kidonda kimoja tu, nacho kilikaa ndani ya kopo la biskuti chini ya meza. Mwaka uliopita binamu yake alimwambia kwamba vijana wote wanahamia Santa Cruz, kule chini kwenye joto, naye akachapisha shahada themanini za udaktari wa Santa Cruz. Aliuza sita. Kila alipolifungua kopo lile, kichwa kilimgonga na masikio yakamlia. Alisema ni wino.

Basi mama mmoja mpana, mwenye kofia ya kahawia ya mviringo na furushi la mistari mgongoni, alisimama mbele yake. Alinuka chuño, vile viazi vinavyoanikwa usiku vikagandishwa na baridi kisha vikakanyagwa mpaka vikauke. Aliutazama ulimwengu kana kwamba wote umewekewa bei ya juu.

"Nataka udaktari," alisema, kama mtu anayeagiza supu.

"Wa kwako?"

"Mimi na umri huu? Wa binti yangu. Delfina Yujra. Kaomba vyuo viwili, majibu yanatoka leo."

"Vyuo vipi hivyo?"

"Cha hapa La Paz na cha kule Santa Cruz."

"Nikuandikie kipi?"

Mama alinyamaza kidogo, akaipanga vizuri kofia yake. "Wewe una vya wapi?"

Kunyamaza kule ndiko Nieves angepaswa kukutegea sikio. Lakini kopo la biskuti lilisema kwa sauti zaidi.

"Za La Paz zimebaki mbili, na zina wenyewe," alisema. Zilikuwa kumi na tisa, chini ya kiwiko chake. "Za Santa Cruz ninazo. Karatasi nene, muhuri wa bluu. Tena nikwambie, mteja wangu, kule kuna mabingwa wa moyo, wa figo, wa ngozi. Daktari wa Santa Cruz hapandi ngazi, anapanda lifti."

"Sawa. Nyongeza yake nini?"

"Bei hujauliza."

"Bei ni yako. Nyongeza ni yangu."

Nieves akatoa koti jeupe la daktari, dogo kama ganda la haragwe. Mama hakutikisika. Akaongeza mpira wa kusikilizia kifua, uliosukwa kwa uzi mweusi. Mama akatazama juu, kwenye rafu, ulipokuwa mnazi wa plastiki wa urefu wa kidole.

"Na ule."

"Mnazi wa nini kwa daktari?"

"Ekeko atajuaje ni Santa Cruz kama hakuna mnazi?"

Kengele ya kwanza ilikuwa imeanza kulia. Nieves alitoa mnazi huku akinung'unika. Don Hilarión, mfukizaji aliyekaa na kijiko chake cha makaa pembeni mwa kibanda, akavipitisha vyote katika moshi, akavinyunyizia pombe na majani ya maua, akamtaja Delfina Yujra, Santa Cruz, udaktari. Mama akalipa, akafungasha, akapotea katika watu. Nieves akaandika pembeni mwa kopo kwamba imetoka moja, na akala mahindi yake ya sikukuu na kipande cha jibini la kukaanga kwa raha ya mtu aliyemuuzia mwenzake mwavuli wakati wa kiangazi.

Raha ile haikufika saa nane. Msichana mwembamba mwenye viatu vya kukimbilia alikuja kusimama pale pale alipokuwa amesimama mama yake.

"Samahani, Doña Nieves. Wewe ndiye uliyenipeleka Santa Cruz?"

"Mimi nauza karatasi. Sijampeleka mtu mahali."

"Naitwa Delfina. Nimechaguliwa kote kuwili." Alimwonyesha simu, barua mbili, moja juu ya nyingine. "Nataka hapa La Paz. Mama anasema haiwezekani, nimeshafukizwa."

"Santa Cruz wana ubaya gani? Wamekunyima kitanda?"

"Wamenipa na chakula. Ubaya hawana." Msichana aliegemea meza. "Nataka kuwa daktari wa damu nzito. Baba yangu alikufa nayo. Alikuwa mpiga plasta kule juu El Alto, midomo imemgeuka zambarau, anasema ni baridi. Damu ikawa nyingi mno, nzito kama uji, mpaka moyo ukashindwa kuisukuma. Huo ni ugonjwa wa watu wa juu, kama sisi. Kule chini hata ukimlipa mtu hawezi kuupata. Sasa nikasome miaka yote sita mahali ambapo mgonjwa wangu hayuko? Chuño haigandi Santa Cruz, Doña Nieves. Na ugonjwa huu nao haukui kule."

Nieves aliona kwamba hoja ilikuwa nzuri. Lakini hoja nzuri si mteja.

"Kamweleze mama yako hivyo."

"Nimemweleza. Amekishika cheti changu halisi cha sekondari. Kiko ndani ya furushi lake, na furushi halishuki mgongoni mpaka anapolala, na akilala analilalia. Chuo cha La Paz hakiandikishi mtu kwa nakala. Mlango unafungwa Ijumaa saa sita."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Pole," alisema Nieves. "Pesa sirudishi."

"Sitaki pesa. Nataka uifute."

"Kilichofukizwa hakifutwi."

"Basi nitasimama hapa."

"Simama. Njia ni ya manispaa."

Akasimama. Hakupiga kelele, hakulia. Kila mama aliyeshika karatasi, msichana alimsalimu kwa adabu na kumwambia: "Shikamoo mama. Angalia jina la mji kabla hujalipa. Mimi ya hapa imenipeleka nisikotaka, na nilikuwa nimefaulu." Ilipofika saa tisa, wateja watatu walikuwa wamerudisha walichoshika, na mmoja aliyekuwa amekwisha kulipa aliomba kusomewa cheti chake cha ndoa jina kwa jina.

Nieves alimtazama msichana kwa jicho jipya. Huyu hakuwa mtoto wa kuonewa huruma. Huyu alikuwa mtu wa soko.

"Kesho mlete mama yako," alisema. "Sasa ondoka mbele ya meza yangu."

Jumatano asubuhi Casimira alikuja na furushi lake, akakaa juu ya kigoda cha Nieves bila kukaribishwa. Mama na mwana walikuwa wamekuja wakibishana njia nzima, na walipofika hawakuona sababu ya kukatiza.

"Dawa ya damu nzito ni nini?" mama alimuuliza binti, akimtazama Nieves kama hakimu. "Niambie wewe msomi."

"Ni kushuka kwenda kule chini," alijibu Delfina. "Hewa ni nyingi, damu inapungua. Unajua, mama."

"Ahaa. Dawa iko Santa Cruz. Sasa mtu anayesomea dawa anasoma wapi?"

"Wagonjwa wako huku."

"Watashuka, wakisikia kuna daktari."

"Baba alishuka?"

Casimira akalikaza fundo la furushi kifuani. Mume wake aliambiwa mara tatu ashuke. Alisema Santa Cruz hata mbwa hutoka jasho, akaendelea kupanda ngazi za watu na ndoo ya plasta.

Nieves aliona amani ikipita karibu, akaidaka. Alitoa shahada ya La Paz, ileile aliyosema ina mwenyewe, akaiweka mezani. "Hii bure. Naiandika sasa hivi, Don Hilarión anaifukiza, yaishe."

"Sitaki," alisema Casimira.

"Na muhuri wa dhahabu."

"Sitaki."

"Na hospitali ndogo ya mbao, ina madirisha yanayofunguka."

Casimira aliitazama hospitali, na kwa kweli ilikuwa nzuri. "Sitaki."

Hapo ndipo Nieves alipoamka. Miaka thelathini ya kuuza ilikuwa imemfunza jambo moja: mtu anayekataa cha bure hagombanii kilichoko mezani. Alimpa Delfina sarafu, akamtuma akanunue api, uji wa moto wa mahindi ya zambarau, vikombe vitatu, kwa yule mama wa mbali mwenye foleni ndefu. Msichana alipoondoka, akamsogelea mama.

"Sasa, Casimira, taja bei yako ya kweli."

Casimira alizungusha pete kidoleni. "Mama mkwe wangu, midomo zambarau. Mume wangu, midomo zambarau. Huyu ni wa tumbo langu lakini damu ni ya kwao. Kila asubuhi anapokunywa chai namtazama mdomo kabla sijamwambia umeamkaje. Aliposema ameomba na Santa Cruz, nikasema, miaka sita kule chini. Awe daktari, awe fundi viatu, shauri lake. Mimi nataka ashuke."

"Umemwambia?"

"Nimwambie naogopa? Atasema ndiyo maana anasomea. Ana jibu la kila kitu. Kwa Ekeko hana jibu."

Nieves alifikiri kidogo. Kitu kilikuwa kinamkwaruza. "Kwa hiyo jana ulikuja unataka Santa Cruz tangu mwanzo."

"Za La Paz niliziona, zilikuwa chini ya kiwiko chako. Nikasema, huyu mama anataka kuniuzia kile ninachotafuta, tena anafikiri ananionea. Ngoja nichukue na mnazi." Casimira alinyoosha sketi. "Binti akiniuliza kwa nini Santa Cruz, nimwambie muuzaji alisema anazo hizo tu. Nisiwe nimesema uongo mimi."

Ilimchukua Nieves muda kumeza hilo. Hakuna aliyewahi kumfanyia vile mbele ya kopo lake mwenyewe. Hakukasirika. Alijisikia kama fundi seremala aliyekaa kwenye kiti kilichotengenezwa vizuri kuliko vyake.

"Sikiliza," alisema. "Ijumaa mlango ukifungwa, binti yako atashuka. Atashuka amenuna, na aliyenuna hasomi. Mwaka mmoja, miwili, atapanda basi arudi. Utakuwa umelipia miaka sita ukapata miwili. Hiyo ni hasara, dada."

"Na akibaki?"

"Akibaki, unaweza kuweka masharti. Leo ana shida na wewe. Kesho akiwa mwanafunzi hana."

Casimira aliinua uso. Masharti yalikuwa lugha yake. "Na Ekeko? Siwezi kumdanganya."

"Nani kasema kudanganya? Yule ni ofisi kama ofisi nyingine. Ombi limeingia, limepigwa muhuri. Ofisini ukibadili mawazo unafanya nini?"

"Unaomba uhamisho," alisema Casimira polepole, kwa maana alikuwa ameishi maisha yake yote katika foleni za La Paz.

Delfina aliporudi na vikombe, alikuta karatasi ndogo kama stempu kubwa, imeandikwa juu kwa herufi za wima: OMBI LA UHAMISHO WA MWANAFUNZI, nakala tatu. Chini yake mama alikuwa amekwisha kuanza kutaja.

"Kupimwa damu kila mwezi."

"Kila mwezi? Nitabaki na nini? Kila mwaka," alisema Delfina, bila kuuliza ni karatasi ya nini. Alikuwa ameshaelewa.

"Kila miezi miwili."

"Sita."

"Minne," alisema Nieves, "na api inapoa."

Minne ikaandikwa. Majibu aonyeshwe mama kwenye karatasi, si kwa simu. Kila Julai, likizo ya baridi, mwezi mzima Santa Cruz kwa mjomba.

"Mwezi mzima? Mjomba ana feni moja, na usiku inampuliza yeye tu."

"Mwezi mzima."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu na siku za basi."

Na damu ikipita kipimo, Delfina ashuke wiki hiyo hiyo, mtihani uwepo usiwepo. Hapo msichana alikisogeza kikombe pembeni. Kisha akasema, "Sawa. Na mama naye apimwe, kila ninapopimwa."

"Mimi sina kitu."

"Basi sisaini."

"Mimi nauza chuño miaka ishirini, nina nguvu kuliko—"

"Sisaini, mama."

Casimira alimgeukia Nieves kutafuta msaada. Nieves alikuwa akipuliza api yake. Mwenye duka haingilii wateja wakikaribia kukubaliana.

Walisaini wote wawili, kwa kalamu yenye ncha nyembamba, wakitoa ulimi nje kama watoto wa darasa la kwanza. Mihuri ikapigwa, yote saba, maana Casimira alisema uhamisho wenye muhuri mmoja hurudishwa. Don Hilarión aliigeuza karatasi huku na huku. Alisema amefukiza malori, watoto, na mara moja timu nzima ya mpira, lakini barua ya ofisi hajawahi. Alitaka pombe mara mbili. Akapewa.

"Itakubaliwa?" aliuliza Casimira.

"Ikikataliwa mtajulishwa," alisema Don Hilarión, na akafunika makaa yake.

Ndipo Casimira aliposhusha furushi. Alichimba ndani ya chuño mpaka kiwikoni, akatoa cheti cha sekondari kimekunjwa mara nne. Ijumaa saa sita kasorobo karani wa chuo alikipuliza vumbi la viazi, akapiga chafya, akamwandikisha Delfina Yujra.

Lakini siku ile ya Jumatano, kabla hawajaondoka, mama aliirudisha mezani shahada ya Santa Cruz.

"Hii haina kazi tena. Nirudishie changu."

"Kilichofukizwa hakirudi."

"Basi mnazi nabaki nao."

"Baki nao."

Hesabu ya jambo lile ilichukua miaka minne kukaa sawa. Mwaka uliofuata Nieves alichapisha fomu mia mbili za uhamisho, zikaisha kabla ya saa tano. Watu walihamisha kazi, nyumba za kupanga, wachumba. Mzee mmoja alinunua ya kumhamisha mama mkwe. Nieves akaanza kuuza shahada ya Santa Cruz na fomu ya uhamisho zikiwa pamoja, kwa wasio na hakika, na kopo likaanza kupungua. Casimira alikuja kudai sehemu yake, akapewa kigoda cha kudumu kando ya meza na mahindi kila sikukuu, na akadai jibini juu yake.

Mwaka wa nne Delfina alikuja gulioni amevaa koti jeupe la kweli, na wenzake wa chuo, wakiwatoboa watu vidole bure kupima uzito wa damu. Alimtoboa mama yake kwanza: kipimo kizuri, kama kila miezi minne. Kisha akamwambia Nieves aweke mkono mezani.

"Mimi nina wino tu."

"Onyesha kucha, Doña Nieves."

Kucha zilikuwa zambarau, na midomo pia, na wino haukuwa umefika mdomoni. Delfina aliisoma namba, akaisoma tena.

"Unashuka. Miezi mitatu, kwa kuanzia."

"Mwezi mmoja."

"Namba haipungui kwa kubishana."

"Miwili, na nakuongezea hospitali ya mbao."

"Mitatu."

Casimira, juu ya kigoda, aliendelea kutafuna mahindi bila kusema neno, na huo ulikuwa ushindi wake mkubwa kuliko wote.

Kwa hiyo Delfina alipata La Paz na wagonjwa wake, akapoteza Julai zake zote, ambazo huzitumia akitoka jasho karibu na feni ya mjomba. Casimira alipata karatasi kumi na mbili za damu, anazozitunza ndani ya chuño, lakini binti anabaki juu maisha yake yote, na kila asubuhi ya chai mama bado anamtazama mdomo kwanza. Nieves alishuka Santa Cruz na kopo la biskuti. Aliuza shahada arobaini na moja zilizobaki, kwa bei kamili, kwa watu waliozitaka kweli, bila nyongeza yoyote. Wiki ya pili kichwa kiliacha kumgonga. Hilo lilimuudhi, kwani ilimbidi akubali kwamba haukuwa wino.

Juu ya meza yake kule chini, miongoni mwa minazi mirefu ya kweli, aliweka mnazi wa plastiki wa urefu wa kidole. Casimira alikuwa amemkabidhi mnazi huo kwenye kituo cha basi, akaushikilia muda kidogo kabla ya kuuachia.

"Nimekuazima," alimwambia. "Sikukupa."